Vidato vya Maktaba

Wapo watu ambao wakifika mji mgeni huuliza kwanza soko liko wapi, na wengine huulizia msikiti au kanisa. Mimi huulizia maktaba. Tena nikifika hapo sina haraka ya vitabu. Husimama kwanza nje nikautazama mlango: umeinuliwa kiasi gani kutoka ardhini, unafungukia ndani au nje, nani amesimama pale na anawatazamaje wanaoingia. Wenzangu wamezoea kunicheka kwa tabia hii. Lakini kama mhakiki wa riwaya ana ruhusa ya kuanza na sentensi ya kwanza ya kitabu, basi anayehakiki maktaba naye ana ruhusa ya kuanza na mlango, maana hapo ndipo jengo linapotamka kwa mara ya kwanza ni nani linayemtarajia.

Desturi ya kuhakiki vitabu tunayo, na siku hizi hata muziki na filamu vinapata wahakiki wake. Nyumba zinazohifadhi vitabu hatuzihakiki. Hualikwa mgeni rasmi, utepe ukakatwa, hotuba ikasomwa, na kuanzia siku ile jengo huwa kama mlima au mto: lipo tu. Kasoro yake ikionekana huitwa ukosefu wa fedha, na kwa kuwa ukosefu wa fedha hauna mwenyewe, mazungumzo huishia hapo. Mimi sikubaliani na desturi hiyo. Kila ukuta ulichorwa na mtu, na mtu huyo alipokuwa akichora alikuwa na msomaji fulani kichwani.

Chukua maktaba ya McMillan, katikati ya Nairobi, kwenye barabara ya Banda, jirani na msikiti wa Jamia. Ni jengo zuri, tusidanganyane. Lilifunguliwa mwaka 1931 kwa juhudi za Lady Lucie McMillan ili kumkumbuka mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki ardhi kubwa nchini Kenya na kufariki mwaka 1925. Nguzo ndefu zimesimama mbele, simba wawili wanalinda, na ngazi pana zinapanda kuelekea mlangoni. Aliyelichora alijua vyema alichokuwa akifanya. Katika mtindo ule wa ujenzi, uliotoka Ugiriki na Roma za kale ukapitia Ulaya hadi makoloni, elimu huwekwa juu na msomaji huipandia. Huko Marekani kwenyewe maktaba zilizojengwa kwa fedha za Andrew Carnegie zilizidi 1,600, na nyingi kati yake zilipandishwa juu ya ngazi kwa fikra hiyo hiyo. Mtu anayepanda, walidhani, anajitakasa kidogo kabla ya kufungua kitabu.

Kwa zaidi ya miongo miwili McMillan ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kuvifagia vidato vile, lakini kuketi ndani akasoma hakuruhusiwa. Milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na ni haki tufurahie hilo. Ila angalia kilichoondolewa. Iliondolewa kanuni, vidato vilibaki pale pale. Mtu wa magongo, bibi mwenye magoti mabovu, mama aliyebeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi, mchuuzi aliyekatwa mguu baada ya ajali, wote hao walibaki mahali walipokuwa mwaka 1931, yaani chini, wakiwatazama simba.

Sisemi kwamba ngazi zile zilijengwa ili kuwazuia walemavu. Aliyezichora hakuwafikiria hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Aliyewakataza Waafrika alau alijua wapo.

Kuna hesabu ndogo ambayo kila diwani anayepitisha mchoro wa jengo la umma angepaswa kuijua kwa moyo. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni kwamba njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu isipande zaidi ya kimo kimoja kwa kila urefu wa vimo kumi na viwili. Kidato kimoja cha sentimita 15 kinadai mteremko wa mita 1.8. Vidato kumi vinadai mita 18, ukiacha sehemu tambarare za kupumzikia na vyuma vya kushikia. Jengo likishasimama, mita hizo 18 hazipatikani tena upande wa mbele. Fundi akilazimishwa, atazitafuta ubavuni, au atapindisha sheria akamwaga zege lenye mwinuko wa kupandishia mkokoteni wa saruji. Au ataupeleka mteremko nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka na chumba cha jenereta, kwenye mlango unaofungwa kwa kufuli, na ufunguo wake anao mtu ambaye leo hayupo.

Mlango huo wa nyuma nimeuona katika majengo mengi, na kila mara naambiwa kwa fahari, "Hata walemavu tumewafikiria." Kizazi cha baba yangu kilijua vizuri sana maana ya kuingilia mlango wa nyuma. Sielewi kwa nini wajukuu wa kizazi kile wanaona ni huduma.

Mafundi wana jibu lao, na si jibu la kipuuzi. Wanasema sakafu huinuliwa kwa sababu ya mvua. Mvua ya masika ikianguka Nairobi, au Dar es Salaam ambako maji hayana pa kwenda, jengo lililo sawa na ardhi huingiwa na tope, na vitabu ni vitu vya kwanza kuharibika. Nakubali. Lakini dawa ya mvua inajulikana: ardhi ya mbele inapewa mwinamo mdogo wa kuyapeleka maji mbali na mlango, paa linatokeza mbele kama baraza, na mfereji unafunikwa kwa wavu wa chuma wenye matundu membamba, ili gurudumu dogo la mbele au ncha ya fimbo nyeupe isizame. Hayo yote ni kazi ya kalamu kabla hayajawa kazi ya sururu. Yakiwamo katika mchoro tangu mwanzo, hayampi mhasibu homa.

Sasa toka katikati ya mji uelekee mashariki, ufuate barabara ya Jogoo mpaka Kaloleni, mtaa uliojengwa na manispaa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, wenye ukumbi ambamo wanasiasa wa enzi za kudai uhuru walikuwa wakikutana. Hapo kuna maktaba ndogo ambayo ni tawi la McMillan, na nyingine iko Makadara. Zilichakaa kwa miaka mingi. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, wakafanya mapatano na serikali ya kaunti, na mapema katika miaka ya 2020 matawi yote mawili yalikuwa yamekarabatiwa. Ninachokisifu zaidi ni kwamba walianza kwa kuwauliza wakazi wanataka nini kabla ya kununua rangi. Ni jambo dogo ukilisema, na ni adimu sana katika kazi za umma.

Kaloleni hakuna simba. Jengo halijajitutumua. Mtoto anakuja na malapa, ametumwa sukari dukani, anachungulia, anaingia. Hicho ndicho kipimo changu cha maktaba ya mtaa: je, mtu anaweza kuingia bila kukusudia? Kwenda McMillan ni safari, nguo hubadilishwa na nauli hutengwa. Maktaba ya mtaa inapaswa kuwa jirani kama kinyozi alivyo jirani. Kwa mtu mwenye ulemavu umbali huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwenye ramani, maana kabla ya kuvifikia vidato vya maktaba kuna vidato vya matatu, na kondakta asiye na subira, na mtaro usio na kifuniko. Ukitaka msomaji huyo, msogezee jengo.

Jambo hilo wafanyakazi wa Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya walilielewa vizuri kule Garissa, mwaka 1996, walipoanza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia, mmoja akibeba masanduku ya vitabu na mwingine hema. Nimependa siku zote kwamba ngamia hupiga magoti ndipo mzigo uteremshwe. Hapo maktaba yenyewe ndiyo iliyoinama. Lakini niseme pia kwamba tumewapenda mno ngamia hao. Picha zao zimezunguka dunia, na sijawahi kuona mtu aliyepiga picha mlango wa choo cha maktaba ya mtaa ili auonyeshe ulimwengu kwamba una upana wa sentimita 90. Wapiga picha hufuata ajabu, na maktaba zetu zinahitaji zaidi mambo yasiyo ya ajabu.

Ninaye rafiki, mwalimu mstaafu, asiyeona. Alijifunza nukta nundu utotoni na vidole vyake bado ni vyepesi. Siku moja nilifuatana naye katika maktaba ya mtaa mmoja ambao sitautaja, kwa kuwa yaliyotokea pale yangetokea popote. Mlangoni askari alinisalimu mimi, akaniuliza mimi, "Huyu mzee anataka nini?"

"Mzee anataka gazeti la leo," mwenzangu akajibu mwenyewe. "Na kiti."

Tuliingia. Kitabu cha nukta nundu hakikuwapo hata kimoja, jambo ambalo yeye alilitarajia. Tukaketi, nikaanza kumsomea gazeti kwa sauti ya chini. Kabla sijamaliza habari ya kwanza mkutubi alikuja, kijana mwenye adabu kabisa, akatunong'oneza: "Samahani wazee, hapa hatusomi kwa sauti."

Mwalimu akacheka. "Kwa hiyo hapa," akasema, "mimi sisomi."

Tukatoka tukakaa barazani, kwenye benchi la kusubiria, tukamaliza gazeti huku malori yakipita. Alipata alichotaka, na hakurudi tena mahali pale.

Kijana yule hakukosa. Alitekeleza kanuni, na kanuni ilitoka kwenye mchoro: ukumbi mmoja mkubwa, dari ya juu, sakafu ngumu, ambamo kikohozi husikika kutoka kona hadi kona. Jengo la namna hiyo halina budi kudai ukimya. Lakini ukimya huo tuliupata wapi? Pwani yetu imesoma kwa karne nyingi, na imesoma kwa sauti. Mtoto chuoni husoma kwa sauti. Maulidi husomwa kwa sauti mbele ya watu. Utenzi haukutungwa usomwe kwa macho. Una mahadhi yake, na asiyejua kusoma huketi akasikiliza, naye anahesabika miongoni mwa wasomaji. Vivyo hivyo mama anayejifunza herufi katika darasa la watu wazima hana njia nyingine ila kuitamka silabi ndipo aishike. Ukumbi wa kimya ulichorwa kwa mtu anayeona, aliyekwisha kuzoea kusoma, aliyekuja peke yake. Mtu huyo ana haki ya mahali pake, hasa mwanafunzi mwenye mtihani kesho. Sioni kwa nini apewe jengo zima.

Tiba yake ni chumba kimoja chenye mlango na ukuta mnene. Asubuhi kinatumiwa na wasioona na wanaowasomea. Mchana watoto wanasimuliwa hadithi. Jioni kuna kisomo cha watu wazima au darasa la lugha ya ishara, ambayo nayo si ya kimya kama watu wanavyodhani, maana wanafunzi wake hucheka sana. Sheria imekwisha kutangulia mbele ya majengo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma na kupata habari. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020, unaruhusu kitabu kitolewe kwa nukta nundu au kwa sauti kwa ajili ya wasioona bila kungoja idhini ya mwenye hakimiliki. Kitabu hicho kikija kitakuwa kikubwa, kwa kuwa kitabu kimoja cha kawaida hugeuka majuzuu kadhaa manene ya nukta nundu. Je, rafu zetu zina kina cha kuyapokea? Rafu hufuata kipimo cha kitabu cha kawaida, na tena hupanda mpaka juu ya kichwa, wakati mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu mkono wake hauvuki sana mita 1.2.

Kuna maneno mazuri yaliyoenezwa katika miaka ya 1980 na msanifu majengo wa Marekani, Ronald Mace, ambaye mwenyewe alitumia kiti cha magurudumu baada ya kuugua polio utotoni: usanifu kwa wote. Namheshimu sana, na kazi yake imebadili miji. Hata hivyo neno "wote" linanitia wasiwasi likifika kwenye kamati zetu. Hutamkwa, watu wakatikisa vichwa, na hakuna aliyeonekana. Naona afadhali kamati iwataje watu mmoja mmoja, kwa sababu ukiwataja ndipo unagundua kwamba mahitaji yao hugombana. Mwenye magurudumu anataka njia isiyo na ukingo wowote. Mwenye fimbo nyeupe anautafuta ukingo huo huo ili ajue njia inaishia wapi. Wanapatanishwa na mstari wa vigae vyenye vinundu, ambao gurudumu hupita na fimbo huuhisi. Kiziwi anayesoma midomo anahitaji uso wa mkutubi uwe kwenye mwanga. Sasa tazama meza ya mkutubi inavyowekwa, mara nyingi dirisha likiwa mgongoni mwake: uso wote ni kivuli, na yule kiziwi anaongea na umbo jeusi. Kuizungusha meza hakugharimu hata shilingi moja. Kunahitaji tu mtu aliyewahi kuwaza juu ya kiziwi huyo.

Nimewasikia wakutubi wakilalamika juu ya wasomaji wanaokuja na madaftari yao, wakakalia viti kutwa, rafu wasiziguse. Wanaona hao si wasomaji halisi. Nimewasikiliza, na sikubaliani nao. Mwanafunzi anayeishi na ndugu watano katika chumba kimoja, redio ya jirani ikipita ukutani, anakuja kutafuta meza, taa na saa tatu za utulivu, na vitu hivyo ni mali ya maktaba sawa na kitabu. Kosa liko kwenye saa. Kwetu karibu na ikweta jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na maktaba inayofungwa saa kumi na moja inafungwa kabla hata taa haijahitajika. Ikibaki wazi mpaka saa mbili usiku, basi njia ya kwenda lango iwe na taa na choo cha wasichana kiwe ndani, kisiwe uani gizani, la sivyo saa hizo za nyongeza zitakuwa za wavulana peke yao. Na wanafunzi wakijaa, mzee wa gazeti apate pa kukaa. Meza ndefu ziende nyuma, na viti vya chini vyenye pa kuegemeza mikono, ambavyo mtu wa umri hujinyanyua kwa kuvishika, viwe karibu na mlango.

Kuhusu McMillan yenyewe, mimi si katika wale wanaotaka ngazi zile zivunjwe. Zina historia, na historia mbaya nayo ni ya kuhifadhi. Ningependa tu mlango mkuu uache kuwa ule wa juu. Jengo likikarabatiwa, watu wote waingilie penye usawa wa ardhi, waziri na mchuuzi, na vidato wabaki navyo wapigaji picha za harusi.

Siku hizi mwalimu wangu anayo simu inayomsomea magazeti. Vijana wake wanamwambia sasa hana haja ya maktaba. Yeye hasemi hivyo. Anasema simu haibishani naye. Inasoma habari ya bajeti na habari ya mpira kwa sauti ile ile. Anachokitaka ni kukaa mahali ambapo gazeti likisomwa kuna mtu atakayeguna. Nimemsimulia habari za Kaloleni. Ameniuliza maswali matatu: matatu anabadilisha mara ngapi, kutoka kituoni kuna mtaro wa kuvuka au hakuna, na barazani pana benchi. Nitakwenda Jumamosi nikahesabu hatua.